Ushauri Bure Chini ya Msufi

Jumanne, tarehe kumi na tatu Novemba mwaka 2018, saa tisa na robo alasiri, msufi uliosimama kwenye shamba la nyuma ya nyumba ya Nizam Gafoor ulikatika bila upepo. Mvua ilikuwa imekwisha tangu adhuhuri. Kuku walikuwa wameshatoka kuchakura. Zorida, mkewe Nizam, alikuwa jikoni akikanda unga wa chapati za dengu, na alichokisikia kwanza hakikuwa kishindo. Alisikia kitu kikigongwa mara tatu, polepole, kama mtu anayepima pipa kujua limebaki na maji kiasi gani. Ndipo mti ukaja. Uliuvuka uzio ukaangukia kibanda alimokuwa Nizam akitengeneza redio za watu, na majirani walifanya kazi mpaka magharibi kumtoa. Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea.

Jumapili iliyotangulia, kaka yake Zorida alikuwa amekuja kula. Haroon alikuwa fundi wa miti, anajulikana kusini yote ya kisiwa chao, kutoka mji wa Penal mpaka San Fernando. Alipanda miti ambayo wengine waliiogopa, na mlangoni mwa lori lake aliandikisha kwa rangi nyekundu: KUPOGOA, KUKATA, KUNG'OA VISIKI. USHAURI BURE. Aliyetaka neno la mdomo alipewa bure. Aliyetaka ripoti yenye sahihi na muhuri alilipia, na si kidogo.

Walipokuwa mezani Nizam alimwambia kwamba msufi ule unamtia wasiwasi, maana uyoga umeota shinani, na yeye ndiye anayeshinda chini yake kutwa. Akamwomba aupime vizuri, amwandikie ripoti ya kumpelekea mwenye shamba, naye atalipa kama wateja wengine.

Haroon alicheka. "Nikutoze wewe, shemeji? Unataka dada yangu aniwekee sumu kwenye mchuzi?"

Akainuka na sahani yake mkononi, akaenda hadi kwenye uzio, akautazama mti kuanzia shina hadi kilele huku akitafuna. Aliporudi alijiongezea malenge.

"Mzima ule," alisema. "Utatuzika sote."

Nizam alikuwa ameazimia kukihamishia kibanda chake mbele ya nyumba Jumatatu ile. Aliposikia hivyo, akaacha.

Siku ya nne baada ya maziko Haroon alikuja na karatasi. Watu wa bima walikuwa wanauliza kama kuna fundi yeyote aliyeulizwa habari za mti kabla haujaanguka. Alikaa karibu na dada yake, akaongea chini chini ili mama yake Nizam, Bibi Kariman, aliyekuwa chumba cha pili, asisikie.

"Zori, ukisema niliulizwa, nimekwisha. Bima yangu ni ya msumeno, si ya mdomo. Lori litakwenda, nyumba itakwenda."

"Lakini uliulizwa, Bhai." Ndivyo alivyomwita tangu utoto, kama wadogo wanavyowaita kaka zao kisiwani kule.

"Nilikuwa nakula. Hakunilipa, hakuna karatasi. Sasa huo ushauri uko wapi?"

Zorida alilia, kisha akatia sahihi. Karatasi ilisema marehemu aliuona uyoga, alijua hatari, na hakumwuliza mtu. Haikupita wiki, maneno yakafika msikitini. Watu walisikitika kwamba Nizam, mtu makini vile, alijiua kwa uzembe. Bibi Kariman aliyasikia akiwa anatoka kutawadha. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Kesho yake, saa tisa na robo, Zorida aliona unyoya wa sufi juu ya mswala wake. Aliuokota akautupa dirishani, halafu akakumbuka kwamba sufi hupasuka wakati wa kiangazi, na hii ilikuwa Novemba. Ndipo kukagongwa. Ko, ko, ko, kwenye nguzo ya kwanza kati ya nguzo zinazoibeba nyumba. Alichungulia chini. Hapakuwa na mtu, ila bembea ya Nizam iliyotulia na harufu ya ubao uliooza majini.

Siku iliyofuata, saa ile ile, ziligongwa nguzo zote, moja baada ya nyingine. Siku ya tatu kitu kile kilipanda. Kiligonga ngazi, kikagonga mlango, kikagonga kabati la vyombo, na kila kilipogonga kilisubiri kidogo, kama anayetega sikio. Siku ya nne Zorida alikuwa kwenye sijda aliposikia kimeingia chumbani, kikaipita meza na kitanda bila haraka, harufu ya uozo ikimtangulia na nyuzi za sufi zikitua mabegani mwake kama vumbi la pamba, akataka kusoma Ayatul Kursi lakini ulimi ukamkauka, mpaka kikafika mbele yake na kumgonga mara moja, katikati ya kifua, pale pale mfupa ulipo, na sauti iliyotoka mle ndani haikuwa ya mfupa wala ya nyama, ilikuwa ya kitu kinachoanza kuwa tupu.

Alikimbilia chumbani kwa Bibi Kariman, akaikumbatia miguu yake.

"Nimekisikia siku zote nne," bibi alisema, taratibu. "Kilikuwa na nyumba ndani ya ule mti. Imevunjika. Sasa kinagonga kitafute palipo tupu kihamie."

"Kimenigonga mimi, mama."

Bibi alimwinua uso kwa mkono. "Basi una nini humo ndani, mwanangu?"

Ndipo kugonga kukasikika tena chini ya nyumba, mahali pamoja tu, bila kuchoka. Zorida alishuka. Sauti ilitoka kwenye sanduku la vifaa ambalo Haroon alilihifadhi kwao, kwa kuwa kwake maji hujaa wakati wa mvua. Alipoinua kifuniko sauti ilikoma. Juu kabisa ililala nyundo ya mbao, ile ambayo kaka yake hugongea mashina kusikiliza kama yameoza. Ilikuwa imelowa, na kichwa chake kimegandiwa na ungaunga wa mti mbovu. Chini yake palikuwa na kitabu cha ripoti, chenye nakala za kaboni.

Ukurasa wa mwisho uliandikiwa mwenye shamba la nyuma. Shina la msufi limeoza ndani, theluthi mbili. Mti umeinamia kibanda cha jirani. Ukatwe ndani ya siku saba. Umelipiwa kamili. Muhuri, sahihi ya Haroon, tarehe sita Novemba.

Alihesabu kwa vidole. Siku ya saba ilikuwa Jumanne ile ya msiba.

Kesho yake alimwita kaka yake, na akamwita Maulana Sharafat, aliyemwozesha na aliyemzika mumewe. Walikaa sebuleni kabla ya alasiri, Bibi Kariman kwenye kiti chake pembeni. Zorida alikiweka kitabu mezani, kimefunguliwa. Haroon alikitazama, kisha akatazama mikono yake.

"Ripoti ni mali ya aliyeilipia," alisema mwishowe. "Alikuwa anauza shamba. Alinikataza nisiitoe mpaka auze."

"Ulikula chakula changu huku unajua."

"Nilidhani mti ungesimama mpaka Januari, Zori. Wallahi nilidhani."

"Alitaka kukulipa. Ukamcheka."

Haroon alisema kwa sauti ndogo kwamba kama angepokea pesa ya shemeji yake ingembidi aandike ukweli, na ukweli alikuwa amekwisha kuuuza. Saa ya ukutani ilifika tisa na robo.

Harufu iliingia kwanza. Maulana alianza kusoma, hakupandisha sauti, na kule chini nguzo zikaanza kuitika, kisha ngazi, kisha mlango, na kitu kile kikaingia sebuleni kikizunguka kama mnunuzi asiye na haraka, kikakigonga kiti cha Bibi Kariman na kukiacha, kikamjia Zorida mpaka akahisi ubaridi wake usoni, naye akafumba macho akasema kwa haraka, kabla ulimi haujamkauka, kwamba Nizam aliuliza, Nizam alitaka kulipa, Nizam hakuwa mzembe hata siku moja, na yeye mkewe ndiye aliyetia sahihi uongo juu ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujakauka. Kikamgonga. Kifua kikalia kizito, kama mti mzima. Kikampita.

Halafu wote wanne wakasikia kikigonga mahali pengine. Sauti ilikuwa nene, ya mbali, kama ya pipa lililokwisha maji. Haroon alikuwa ameshika kifua chake kwa mikono miwili. Maulana aliendelea kusoma, safari hii machozi yakimtoka, lakini nyumba ilikuwa imekwisha kutulia. Harufu iliondoka pamoja na Haroon alipoteremka ngazi.

Zorida alikwenda kwa watu wa bima kesho yake na kitabu mkononi, akaifuta karatasi ya kwanza kwa ya pili. Ijumaa Maulana aliwasomea watu karatasi hiyo ya pili msikitini, na jina la Nizam likasafika. Bibi Kariman haufungi tena mlango wake.

Haroon bado anaendesha lori lake, ingawa maandishi ya mlangoni ameyapaka rangi. Watu bado humsimamisha njiani na kumwuliza habari za mti huu au ule. Hajibu ila neno moja, mzima, na anapofumbua kinywa kulitamka, walio karibu wanasema hutoka nyuzi nyeupe za sufi, mwezi wowote uwao, si kiangazi tu.

Ee Mola, mrehemu Nizam mwana wa Kariman, aliyeuliza akadanganywa. Mpanulie kaburi lake, mwondolee uzito uliomwangukia, umpe kivuli kisichoanguka. Na sisi tuliomsemea uongo akiwa hawezi kujibu, utusamehe kabla hatujakutana naye. Amina.