Uji wa Mama Mukamurenzi

Aurélie alikutwa amekufa alfajiri ya Jumanne, kwenye kitanda cha karibu na mlango, katika kituo cha afya cha Kibabi. Chini ya kitanda palikuwa na kikombe kitupu cha uji wa mtama. Jua halijapanda vizuri, Jérémie, muuguzi ambaye kila mtu humwita muganga, alikuwa ameshaandika sababu ya kifo: sumu. Kufikia mchana, mama mkwe wa marehemu, Mukamurenzi, aliyeuleta uji ule, alikuwa amefungiwa kwa chifu, na vijana wanazunguka nyumba yake na petroli.

Kijiji kikishapata mchawi hakihitaji tena daktari. Daktari alikuja hata hivyo. Kazi ya Adelaïde ilikuwa kuhakiki kila kifo cha eneo lile na kukipa msimbo wake, na neno lile lilimkera. Aurélie alilazwa kwa kikohozi na homa. Sumu ilitoka wapi?

Uani aliiona pikipiki ya kituo, ile ya kupeleka mahututi hospitali. Ilikuwa na tope bichi. Kwenye karia palining'inia jani la mgomba lililosokotwa, kama yale yanayoziba madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi.

"Hii pikipiki inatembea?" alimuuliza Jérémie.

"Panne, Dokta. Imeharibika wiki muzima."

Adelaïde alimtafuta Léonard, mume wa marehemu.

"Mama hakuonjaka ile uji," alisema Léonard, macho mekundu. "Kwetu, mwenye kupana kinywaji anaonja kwanza. Yeye alimupatia tu. Sitaki tena kumuona."

Kwa chifu, Mukamurenzi alikuwa amekaa sakafuni.

"Mama, juu ya nini haukuonja?"

"Nilikuwa nafunga, Dokta. Siku tatu ya maombi, juu Aurélie apone. Ningeonja namna gani?"

Adelaïde alimwamini, lakini kuamini si ushahidi. Alirudi wodini kwa Naomie, aliyelala na kichanga chake kitanda cha pili.

"Mbele uji ifike, Aurélie alikuwa namna gani?"

"Anapumua mbio mbio. Mikono baridi. Hakukojoa tangu asubui. Alikuwa ananiita Mama, na mama yake alikufaka zamani."

"Na uji alikunywa yote?"

Naomie aliinamisha kichwa. "Alishindwa. Alimeza kidogo tu. Njo miye nilimaliza. Njaa, Dokta. Niliogopa bataniita mwizi wa mugonjwa."

"Tumbo inakuuma?"

"Hapana. Na mutoto ananyonya muzuri."

Jioni ile Adelaïde aliwaita chifu, Léonard na Jérémie kando ya kitanda kile kitupu. Naomie alirudia maneno yake. Kisha Adelaïde akaliweka lile jani la mgomba mezani.

"Kitu ya panne haipate tope ya leo, Jérémie. Ulibebesha kasiksi ya nani?"

Muganga alilisogeza jani kando. "Ya mahari ya mudogo wangu. Kule Muheto. Nilizani watarudisha pikipiki mapema."

"Na Aurélie akabaki hapa, mikono inapoa. Pneumonie ilimushika mapafu, ikaingia mu damu, mwili muzima ukashindwa. Hiyo njo sepsis. Inaandikwa mistari mbili: juu sepsis, chini yake pneumonie yenye iliileta. Kila moja na code yake. Haukujua?"

"Nilijua."

"Basi sumu ya nini?"

Jérémie alimtazama Léonard, akashindwa, akatazama ukuta. "Nikiandika sepsis, mutaniuliza juu ya nini sikumutuma hospitali. Nikiandika sumu, mutamuuliza mama mukwe."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wahenga. Huyu alificha ya mwenzake, tena kifo kikiwa kimeshapita. Polisi walimchukua. Adelaïde alifuta neno moja na kuandika mistari miwili. Vijana waliondoka na petroli yao bila kuomba radhi.

Mukamurenzi alirudi nyumbani. Siku zake za kufunga zilikuwa zimekwisha, na Aurélie, aliyekuwa akimwombea, amezikwa bila yeye kuwepo. Asubuhi Léonard alikuja na kikombe cha uji wa moto, akapiga magoti mlangoni.

"Mama, kunywa. Unisamehe."

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Kisha akamrudishia.

"Onja kwanza, mutoto yangu," alisema.