Usiichungulie Saa ya Jusab

Huzefa, fundi saa wa mtaa wa Ndia Kuu, alikuwa bingwa wa ubishi. Ungemwambia ni saa sita, angekuuliza, "Sita kwa saa ya nani?"

Kaneez, binti wa marehemu Jusab, aliingia dukani na saa ya babake ndani ya kitambaa. Hakumkabidhi. Aliisukuma mezani kwa ncha ya kidole.

"Huzefa bhai, nambari hizi zang'aa gizani. Niambie tu: rangi ni mpya, au ya asili?"

"Dada, saa hii yaweza kunizaa! Rangi ya zama zile hufa. Ing'aayo leo imepakwa juzi. Wataka kuuza?"

"Nataka kulala." Akaivuta rida yake ya kichwani. "Baba alipopofuka alisema kuna kitu humo kilimchungulia. Rangi ikiwa mpya, basi alipayuka kwa homa. Ikiwa ya asili... Bhai, imulike kwa tochi tu. Usiifunike kwa kiganja ukachungulia. Ndivyo alivyofanya baba."

"Nimechungulia mamia ya saa. Iliyonidhuru ni ile ya ukutani kwa mke wangu, nikichelewa!"

Kaneez hakucheka. Alitoka bila kuaga.

Adhuhuri Huzefa alifunga milango, akavaa kioo chake cha jichoni. Rangi ilikuwa kahawia kama samli iliyoungua, yenye nyufa, sawa kwenye nambari na kwenye mishale. Pale mishale ilipolala miaka mingi, uso wa saa ulikuwa umeungua kwa umbo lake. Hilo haliigiki. Ilikuwa ya asili.

Akaimulika kwa tochi ya zambarau, ile ya kukagulia noti, akaizima. Rangi kongwe ilipasa ife papo hapo. Haikufa. Ilizidi.

"Haiwezekani," akaibishia. Na kwa mazoea ya mafundi wote akaifunika kwa kiganja, akaweka jicho kwenye upenyo. Ndipo harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani, na saa zote ukutani zikanyamaza moja baada ya moja kama watu waliomwona mgeni mlangoni, na nambari zikaanza kugeuka taratibu, moja ikifuata nyingine, mpaka zote zikamwelekea yeye, na kule ndani, upande wa pili wa upenyo, kitu kikaleta jicho lake karibu na lake, kikapepesa.

Alifungua milango kwa teke. Juani, nambari zilikuwa zimefifia kama chaki. Akampigia Kaneez, akicheka kwa nguvu mno.

"Ya asili, dada, lakini imekufa. Lala!"

"Imekufa tangu lini?"

"Sasa hivi."

Kaneez akauliza kwa sauti ndogo: "Bhai, ulichungulia?"

Jioni, yeye na mkewe Batul wakiwa kwenye sinia la wali, umeme ulikatika. Batul alinyoosha mkono kutafuta kibiriti. Akausitisha hewani.

"Huzefa, zima simu."

"Simu iko chumbani."

"Basi ni nini chaangaza wali?"

Kila punje ilionekana, kijani. Huzefa akageuza uso ukutani. Mwanga ukahamia ukutani.

"Fumba macho," Batul alinong'ona. "Nakuomba, mume wangu, yafumbe."

"Nimeyafumba."