Nilimfukuza Mdogo Wangu kwa Maziwa ya Mtoto

Nilimzaba mdogo wangu kofi, kijiko kikamdondoka mkononi.

"Unalamba maziwa ya mwanangu! Huna haya?"

"Dada, haki ya Mungu sijalamba!"

"Nyamaza! Kopo lilikuwa linafika Jumapili. Leo Ijumaa limeisha. Limeota miguu?"

Mume wangu alikuwa hapohapo mezani, anakunywa chai. Hakuinua hata macho.

Jamani, nilimtupia begi lake nje. Mtoto wa mama yangu, aliyeacha cherehani yake aje kunilelea mwanangu! Mume wangu akajitolea kumsindikiza kituo cha basi. Nikajisemea, kweli nina mume mwenye huruma.

Wiki iliyofuata nikanunua kopo jipya, kila kijiko nikapima mwenyewe.

Ijumaa... limeisha!

Nilienda dukani nimefura.

"Wewe bwana, unatuuzia makopo yaliyochotwa?"

Mwenye duka akacheka. Akachukua kopo la zamani analowekea kalamu, akaliweka kando ya jipya.

"Soma mwenyewe, mama."

La zamani, gramu mia nne. Jipya, mia tatu na ishirini. Kopo lilelile, bei ileile!

"Tangu kodi ipande. Bei hawakuigusa, wamegusa maziwa."

Wiki mbili nzima nilikuwa nawatambia majirani kwamba kodi imepandisha kila kitu, ila maziwa ya mwanangu tu ndiyo yamesalimika!

Halafu nikakumbuka mume wangu anafanya kazi wapi... Ni fundi mitambo wa kiwanda kinachotengeneza maziwa hayohayo!

Nyumbani nilimkuta anavua viatu.

"Nani alirekebisha mashine ya kujaza makopo?"

Akainamia kamba za viatu.

"Nakuuliza!"

"Mimi... Tuliambiwa atakayefungua mdomo hana kazi."

"Ukaniacha nimpige?!"

Nikampigia simu mdogo wangu, nalia kwa hasira.

"Dada, mbona nilijua," akasema. "Shemeji aliniambia kituoni. Akaniomba nisiseme."

"Ukakubali kuitwa mwizi?"

"Sasa angefukuzwa kazi, mtoto angekunywa nini?"

Nikamwomba arudi. Nilimwomba kama mtoto.

"Nimekusamehe, dada. Lakini kurudi hapo, hapana."

Ndugu zangu, kodi ikipanda na bei ikatulia, someni kopo kabla hamjamwita mtu mwizi. Mimi nimesoma nikiwa nimeshamfukuza.