Bomba la Nyuma ya Choo cha Mjumbe

Mama Hope alisoma simu yake, akasonya. Akasoma tena, akasonya zaidi.

Jina lake hasa ni Tusajigwe, lakini majirani zake wa Gongo la Mboto wanamwita Mama Hope, au Mama Mjumbe. Ndiye mjumbe wa shina. Tangazo likitoka ofisi ya serikali ya mtaa, yeye ndiye wa kulifikisha kwa watu. Jumatatu alikuwa ameliweka kwenye kundi la WhatsApp la shina: masika yanakaribia, safisheni mitaro, fukieni madimbwi, funikeni matangi, chemsheni maji ya kunywa, msitapishe vyoo mvua ikinyesha. Jumatano akalirudia. Ijumaa akalirudia tena, safari hii kwa herufi kubwa.

Sasa ilikuwa Jumamosi, na majibu ndiyo haya. Watu sita walikuwa wameandika "Amina". Mmoja aliuliza nani anauza kuku wa kienyeji. Mzee Kasiani, mchonga vinyago wa nyumba ya tatu, alituma picha ya maua mekundu na kuwatakia wote asubuhi njema.

"Amina ya nini?" Mama Hope alimuuliza mumewe. "Kwani nimewaombea? Nimewaambia wazibue mitaro!"

Mumewe, Isack, ni fundi makochi. Alikuwa uani akipigilia kitambaa kwenye kiti, misumari midogo mdomoni.

"Achana nao," alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Watu wa huku wametia pamba masikioni."

"Halafu kipindupindu kikiingia, wanakuja kulia kwangu. Mama Mjumbe, Mama Mjumbe! Mie nimechoka, Baba Hope. Nimechoka kabisa."

Hakuwa akizidisha chumvi. Masika yaliyopita kipindupindu kiliingia kweli. Vale, mtoto wa jirani yao Yustina, aliharisha maji matupu mpaka macho yakaingia ndani. Alikuwa na miaka mitatu tu. Alilazwa siku sita. Kila asubuhi Mama Hope alipeleka uji mpaka getini pa hospitali, na kila asubuhi akiwa njiani alimlaani muuza matikiti wa pale kituoni, kwa kuwa tikiti lake ndilo lililosemwa limemuumiza mtoto. Mtaa mzima ulimlaani yule bwana. Mwisho akabeba meza yake, akahama.

Kwenye saa nne yalipita manyunyu mafupi, ya kulowesha ardhi tu. Yalipokatika, Asifiwe akapiga hodi. Asifiwe ni mhudumu wa afya wa mtaa. Hupita nyumba kwa nyumba na begi lake la bluu, akiuliza habari za watoto, maji na vyoo.

"Karibu dada Asifiwe," alisema Mama Hope. "Karibu uone watu wanavyonifanya." Akamwonyesha zile Amina, moja baada ya nyingine, na yale maua.

Asifiwe alicheka kidogo. "Pole, mama. Leo nakagua vyoo. Naomba nianze na cha mjumbe."

"Choo? Kipo nyuma."

Harufu iliwapokea kabla hawajafika.

"Kimejaa," alisema Asifiwe.

"Kimejaa kidogo."

Asifiwe alizunguka nyuma. Bomba moja la plastiki lilikuwa limetokeza kwenye ukuta wa shimo. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa matambara na udongo.

"Na hili la nini?"

Isack, aliyekuwa amewafuata, ndiye aliyejibu, nyundo bado mkononi.

"Hilo la mvua. Ikinyesha kubwa tunazibua, choo kinatapika, maji yanachukua. Tunafanyaga hivyo tangu tulipohamia. Kila mtu huku anafanya."

"Yanachukua kupeleka wapi, kaka Isack?"

"Huko chini."

"Chini wapi?"

"Chini! Mtoni, baharini. Mie nijuaje?"

Mama Hope aliona uso unamwaka. Msitapishe vyoo: maneno hayo aliyaandika mara tatu kwa vidole vyake mwenyewe. Lakini alipokuwa akiyaandika, alikuwa akimfikiria Mzee Kasiani. Alikuwa akiwafikiria wapangaji wa nyumba ya pembeni. Bomba lake hakulifikiria hata kidogo. Kwake lilikuwa bomba tu, kama kamba ya kuanikia nguo.

Asifiwe hakumsema. Aliomba ndoo mbili za maji na bluu ya kufulia. Akaikoroga bluu mpaka maji yakakolea, akayamwaga pale chini ya bomba.

"Haya, tuyafuate tuone yanakwenda wapi."

Ardhi ilikuwa imelowa, kwa hiyo maji hayakuzama. Yalipita chini ya mpapai. Yalipita nyuma ya jiko, yakapenya kwenye uzio wa mabati, yakashika kijia cha kuteremka. Wao watatu wakayafuata kama watu wanaomfuata kuku aliyetoroka. Yakafika kwenye uwanja wa Yustina. Pale kuna kisima kifupi, mdomo wake umemeguka upande mmoja. Bomba la mtaa likikauka, nyumba nane huchota hapo. Maji ya bluu yakaupata ule mmeguko, yakaingia.

Yustina alikuwa hapo hapo, kamba ya ndoo mkononi. Vale alikuwa pembeni yake akinywa maji kwenye kikombe.

"Karibuni. Mbona msafara?" alisema. Kisha akatazama kisimani. "Na hii bluu ya nani?"

Isack alikuwa akitazama kandambili zake. Asifiwe akamweleza Yustina taratibu. Kipindupindu hukaa kwenye kinyesi cha mtu mwenye vimelea, na mtu huyo huweza asionekane mgonjwa kabisa. Choo kikitapishwa, kinyesi husafiri na maji ya mvua. Kikiingia kisimani, watu wanakinywa.

Yustina alimgeukia Mama Hope. Wamekuwa majirani miaka kumi na moja.

"Mwaka jana mlizibua?"

"Tulizibua."

"Kabla Vale hajaumwa?"

"Wiki hiyo hiyo," alisema Mama Hope.

Yustina alikichukua kile kikombe mkononi mwa mtoto, akamwaga maji chini. Akamshika Vale mkono, wakaingia ndani. Mlango ukafungwa.

Nyumbani, Mama Hope alimgeukia mumewe. "Mwanamume mzima, hukujua maji yanakwenda wapi?"

"Na wewe je? Bomba si ulikuwa unaliona kila siku?"

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Angempiga na mwiko kama mwiko ungekuwa karibu.

"Mtagombana baadaye," alisema Asifiwe. Sasa hata yeye alikuwa ameishiwa uvumilivu. "Wiki ijayo mvua kubwa zinaanza. Choo hunyonywa wakati wa kiangazi, njia ikiwa kavu. Tope likishaanza, hakuna gari litakalofika huku, na mtarudi kwenye bomba lenu."

"Gari lenyewe halipiti kwenye kichochoro chetu," alisema Isack. "Na bei yake siyo mchezo."

"Wapo mafundi wa pampu ya mkono. Wanakuja na guta la matairi matatu, wanabeba kwenye mapipa yenye mifuniko, wanapeleka kwenye mabwawa ya majitaka. Nyumba tano mkiita pamoja, kila mmoja anachangia safari ile ile. Kisha bomba lizibwe kwa saruji, siyo matambara. Kisima kiinuliwe mdomo na kifunikwe, na bwana afya aje akitie dawa. Maji ya kunywa mchemshe hata kisima kikitengenezwa. Mikono mnawe kwa sabuni mkitoka chooni. Na mtu akiharisha maji maji, mpeni maji ya chumvichumvi, zile za pakiti za zahanati, huku mnakimbia kwenda huko huko. Msisubiri kesho."

Mama Hope alikuwa tayari ameshika simu.

"Iweke chini hiyo," alisema Asifiwe. "Tangazo lako lina mambo matano, mama. Mtu akifika la pili anaandika Amina. Wape jambo moja na siku moja: pampu, Jumatatu. Waendee, waambie uso kwa uso."

Basi Mama Hope akaenda. Alianza na yule aliyemchosha kuliko wote.

"Shikamoo, Mzee Kasiani."

"Marahaba, Mama Mjumbe. Tangazo lako nimeliona. Zuri sana."

"Sijaja na tangazo, mzee. Choo changu kimejaa. Kila mwaka nakitapisha, na mwaka jana kilimwagikia kisima cha Mama Vale. Ndicho kilichomlaza yule mtoto. Tikiti halikuhusika. Jumatatu wanakuja watu wa pampu. Mzee wangu, cha kwako kikoje?"

Mzee Kasiani aliweka patasi chini.

"Changu kina mabomba mawili," alisema.

Mama Hope alirudia maneno hayo hayo kila nyumba, akianza na aibu yake. Wengine walimsema mbele ya uso wake. Mwanamke mmoja alimwambia, "Mjumbe gani wewe?" Mama Hope akamuuliza choo chake kikoje. Mpaka jioni nyumba tano zilikuwa zimekubali.

Jumatatu harufu ilikuwa ya kuhama mji, lakini mashimo matano yalinyonywa. Isack alikoroga saruji, akaziba bomba lake huku akinung'unika. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akachukua karai na matofali, akateremka kwa Yustina, akaujenga upya mdomo wa kisima. Yustina alimwacha afanye kazi. Hakumsalimia. Bwana afya alikuja Jumanne na dawa yake. Muuza matikiti walimtafuta wamwombe radhi, lakini hakuna aliyejua alikohamia.

Jumatano mvua kubwa ikaanza. Ilinyesha siku nne, ikapumzika, ikanyesha tena. Maji yaliteremka kwenye kijia yakiwa na tope na majani tu. Masika yote Yustina hakusema neno na Mama Hope. Wakikutana njiani, alikuwa akitazama pembeni. Mama Hope hakulalamika. Aliendelea kupita kila nyumba, jambo moja kila wiki, na watu sasa walimjibu kwa vitendo. Shina zima hakuumwa mtu tumbo la kuendesha.

Mwezi wa sita, jua likiwa limerudi, Mama Hope alikuwa akipita mbele ya uwanja wa Yustina. Vale alikuwa anafukuza tairi, anapiga kelele, mashavu yamejaa.

"Mama Hope," aliita Yustina.

Akasimama.

"Mvua zimeisha. Vale hajaharisha hata siku moja."

"Nashukuru Mungu."

"Kwa hiyo na mwaka jana, msingezibua, asingeumwa."

Mama Hope alitamani kusema alikuwa hajui. Alitamani kusema kila mtu alikuwa anafanya.

"Asingeumwa," alisema.

Yustina akasogeza kigoda kwa mguu.

"Kaa basi," alisema. "Chai ipo."