Moto Mkubwa, Maharage Yaleyale

Kila asubuhi Solange huchemsha maharage ya kuuza mbele ya nyumba yake, mtaa wa Kabondo. Sufuria ikishatokota, hupunguza makala, yale makaa ya jikoni. Maharage huiva vilevile. Kwa nini? Hajui. Alipokuwa msichana alitamani sana kusoma fizikia. Baba yake akampeleka kwenye ushonaji. Hamu ile haikumtoka.

Mwaka huu binti yake, Priscille, alipaswa kuchagua masomo. Alitaka fizikia. Kasongo, baba yake, alikataa katakata. Ni mtu mwema, ila akishika neno ameshika. Alisema fizikia inataka nguvu, na nguvu ni za wanaume. Priscille alilia. Solange aliumia kuliko mtoto.

Jumapili jirani yao, Madame Odile, alipita kuwasalimu. Yeye ni mwalimu wa fizikia. Alimkuta Kasongo na njaa yake, anarundika makala chini ya sufuria inayotokota, eti chakula kiive upesi.

“Papa Kasongo, unapoteza makala,” Odile alisema. “Maji ikisha kuchemka, joto yake haipande tena. Moto ya kuzidi inageuza maji kuwa mvuke tu.”

Alipunguza makala, akafunika sufuria. Maharage yaliendelea kutokota polepole mpaka yakaiva. Machozi yalimlengalenga Solange, aliyekuwa akitazama pembeni. Kumbe sababu ilikuwapo, na aliyeieleza ni mwanamke.

“Bon, iyo ndiyo physique?” Kasongo aliuliza, akiitaja fizikia kwa Kifaransa.

“Ndiyo. Haiombe misuli, papa. Inaomba watu ya kuuliza kwa nini. Mu classe yangu vijana iko wengi, mabinti wawili tu. Kila siku ninawangojea wengine.”

Kasongo alimtazama mke wake, akamwuliza analilia nini.

“Mimi pia nilitaka physique,” Solange alisema. “Hakuna mutu aliniuliza.”

Wameishi pamoja miaka mingi, na Kasongo hakuwahi kusikia neno hilo. Kesho yake alimpeleka Priscille mwenyewe kuandikishwa fizikia.

Siku hizi makala yao yanadumu. Kasongo anawafundisha majirani kupunguza moto, utadhani yeye ndiye aliyegundua.

Siku ya somo la kwanza, Priscille alirudi akikimbia. Solange aliacha wateja wasubiri. Alifuta mikono, akavuta kiti karibu na binti yake.

“Anzia mwanzo, mama,” Solange alimwambia bintiye. “Usiruke kitu.”