Kucha Juu ya Vitufe

Siku hiyo karakanani walikuwepo watatu tu: fundi anayekusanya kompyuta mpakato za zamani, mjane aliyemletea ya marehemu mumewe, na shoga yangu anayezisafisha.

"Isafishe vizuri, mwanangu," mjane alisema. "Mume wangu alikuwa nadhifu."

Shoga yangu alipong'oa vitufe, alikuta nywele, magamba ya ngozi na vipande vya kucha vimegandia kwenye mafuta meusi. Hakutaka mama wa watu auone uchafu ule, akasugua kimyakimya kwa spiriti, akavirudisha vitufe.

"Hapo hata nzi atateleza," fundi alimtania. Akatoa betri, akaifungia kompyuta kwenye chumba cha giza, maana mwanga huigeuza plastiki kuwa ya njano.

Mchana walimwita mjane, aliyekuwa akingoja nje, aje aione. Mlangoni mwa chumba kile wakasikia ka, ka, ka, kama mtu anakata kucha. Fundi alipofungua, sauti ikakoma. Shoga yangu akapapasa gizani, akainua kifuniko, vidole vyake vikagusa majimaji.

Fundi akawasha tochi. Kucha mbichi zilijaa juu ya vitufe, moja ingali na kipande cha nyama.

"Ni zake," mjane alisema, akazikusanya zote kwenye leso, akaenda nazo nyumbani.