Picha Mbili za Kalinga

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nasema mapema ili mnielewe. Nikiona unywele kwenye mboga, siku hiyo sili tena. Wenzangu wa soko la Mwanjelwa, ninaouza nao mchele, hunitania kwamba nitakufa njaa huku nimekalia magunia. Basi mtu huyo huyo ndiye aliyekwenda kuyaona ya Ubaruku, kule Usangu.

Nilikwenda kwa jambo la kawaida kabisa. Sisi wauza mchele tukitaka mzigo mzuri hatusubiri kwenye mashine za kukoboa. Tunakwenda kuuona mpunga ungali shambani, tunatafuna punje mbili tatu, tunaelewana na mwenye shamba. Mwenyeji wangu ni Nyamizi, mama wa Kisukuma ambaye familia yao ilihamia Usangu na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Anayajua matuta yote ya kule. Tulisimama juu ya tuta la mfereji mkubwa jua likizama, na kwelea kwelea walikuwa wanashuka makundi kwa makundi. Kila shamba lilikuwa na kelele zake. Watu wanapiga madebe, wanachapa mijeledi, wanawazomea ndege kwa matusi ya kila kabila.

Shamba moja tu lilikuwa kimya.

"Lile la nani?" nikauliza.

"La mzee Sosthenes," akasema Nyamizi, akatema mate pembeni. "Tupite, Mama Yusta. Mpunga wa pale mimi sili."

Sosthenes nilimjua. Ndiye aliyetuletea maiti ya mdogo wangu Kalinga mpaka nyumbani kwetu Idodi, msimu uliopita. Kalinga alikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji, akaomba likizo aje kujaribu kilimo cha mpunga kwa Sosthenes. Akashikwa na tumbo, akafa. Jeneza lilikuja limeshapigiliwa misumari. "Ameharibika, msifungue," Sosthenes alisema, na kwa uvundo uliokuwa unatoka mle ndani hakuna aliyembishia. Mama peke yake alitaka lifunguliwe. Tulimshika mikono, tukazika.

Nikatazama tena lile shamba. Mbali, katikati ya mpunga, kulikuwa na mtu amesimama. Hapigi debe. Hazomei. Na hakuna ndege hata mmoja aliyetua karibu naye.

Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka.

Kalinga alikuwa hivyo tangu nyati alipomvunja bega. Nilitoa simu, nikavuta kwa karibu. Nikaona mgongo, kichogo, na lile bega.

"Nyamizi... yule ni mdogo wangu."

Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Alinishika mkono akasema kwa sauti ya chini, "Twende nyumbani."

Niende wapi? Kama yule ni Kalinga, mzima au vyovyote alivyo, nilikuwa naondoka naye kumpeleka kwa mama. Hilo halikuwa na mjadala. Tatizo lilikuwa kumfikia. Matuta ya kule yanapinda, maji yamejaa kila jaruba, na ukishaingia kwenye mpunga mrefu giza likija, hujui tena ulikuwa unaelekea wapi.

Hapo nikakumbuka alichonifundisha yeye mwenyewe. Kule Idodi tembo wakiingia mashambani huwezi kuwasogelea upime umbali. Kalinga alikuwa na programu kwenye simu, akaniwekea na mimi. Unampiga picha tembo ukiwa hapa. Simu inajua umesimama wapi na umeielekeza upande gani, inachora mstari kwenye ramani. Unasogea pembeni mbali kidogo, unampiga tena. Mstari wa pili unaukata ule wa kwanza, na pale inapokatana ndipo tembo alipo. Nilikuwa namcheka. Leo nikampiga picha yeye.

Ya kwanza nilipiga pale pale tulipo. Tukatembea juu ya tuta hadi kwenye lango la maji, nikapiga ya pili. Bado alikuwa amenipa mgongo, nilihakikisha. Mistari miwili ikajichora, ikakatana vizuri katikati ya shamba. Simu ikauliza: andika jina la alama.

"Usiandike jina!" Nyamizi alininong'oneza, macho yamemtoka. "Huku jua likishazama, shambani hatuitani majina. Tunapigiana mluzi tu."

"Kwani namwita? Naandika."

Nikaandika: Kalinga.

Madebe yote yakanyamaza.

Halafu harufu ikaja. Haikuja na upepo, upepo haukuwepo. Ilikuwa harufu ya pumba zilizolowa zikachacha, na chini yake kitu kingine, kitamukitamu, kama panya aliyefia darini. Niliitambua. Ndiyo ile iliyotoka kwenye jeneza. Niliziba pua kwa khanga na bado niliisikia kwenye ulimi.

Nikaitazama picha ya pili.

Alikuwa amegeuka.

Picha niliyoipiga mwenyewe, akiwa amenipa mgongo... sasa ilikuwa na uso. Mashavu yamevimba kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. Nyamizi aliiona pia. Akafanya ishara ya msalaba, akapandisha sketi, akashuka majini kabla yangu. Rafiki wa namna ile sitampata tena.

Tuliifuata simu. Maji yalifika magotini, ya uvuguvugu, na kadiri tulivyosogea yalizidi kuteleza, kama maji yaliyooshewa nyama. Kitu laini kilinigusa mguu nikajizuia nisipige kelele. Mbele yetu likatokea dungu, lile jukwaa la miti wanalokaa waamia ndege. Simu ikatetema. Tumefika.

Chini ya dungu palikuwa na kilima cha pumba, na juu yake beseni la plastiki. Nikamulika. Ndani ya beseni kulikuwa na pumba zilizokorogwa na maji. Zilikuwa zinacheza. Nilidhani ni mwanga wa simu unatikisika, kumbe ni funza, weupe, wanene, wamejaa mpaka ukingoni. Katikati yao palikuwa na alama za vidole vya mtu anayemega tonge. Na jino.

Kilima cha pumba kikasogea.

"Kalinga?" nikasema. Nilishalisahau lile onyo.

Aliinuka taratibu, pumba zikimmwagika mabegani. Suruali ni ile aliyosafiri nayo. Alikuwa anatafuna. Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka jambo dogo, huku anatafuna, na uji wa pumba ukamchuruzika kidevuni pamoja na hao wadudu. Akafungua mdomo aseme. Ulimi haukuwepo. Palikuwa na kipande cheusi tu kinachorukaruka huko nyuma.

Nilitapika. Nikatapika mpaka nyongo. Halafu nikajifuta, nikampa mkono.

Aliupokea. Kiganja chake kilikuwa baridi na laini kama parachichi lililoiva kupita kiasi, na kila kidole changu kilizama kidogo. Mwili wangu wote ulitaka kumwachia. Sikumwachia. "Twende kwa mama," nikamwambia, naye akanifuata. Nyamizi alitangulia na tochi, analia bila sauti. Tukaliona tuta la mfereji. Zikabaki hatua chache tu tulifikie.

Mluzi ukapigwa. Mmoja, wa taratibu.

Kalinga akasimama.

Sosthenes alikuwa juu ya tuta, kofia kichwani, mikono nyuma. Hakuwa na hasira. Hicho ndicho kinachonichefua mpaka leo, ule upole wake.

"Mama Yusta," akasema. "Nani kakuruhusu umwite?"

"Ni mdogo wangu."

"Alikuwa."

Akapiga mluzi wa pili. Kalinga akageuka kurudi. Nilimkamata ule mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikakita miguu kwenye tope, nikavuta. Naye alivuta, si kwa nguvu, ila kama ng'ombe anayerudi zizini. Tulivutana hivyo. Ghafla ukawa mwepesi.

Ngozi ilibaki mikononi mwangu. Nzima, pamoja na kucha, imechomoka kama soksi.

Yeye alikwenda, hakugeuka hata kidogo. Sikumbuki niliitupa wapi ile ngozi. Nakumbuka Nyamizi akinisugua mikono kwa majivu nyumbani kwake, na mimi namwambia ongeza, ongeza, mpaka ngozi yangu mwenyewe ikaanza kutoa damu.

Asubuhi tulikwenda na mtendaji wa kijiji na watu wake, tukaifuata alama ile ile. Chini ya dungu palikuwa pamefagiliwa. Sosthenes alitusalimia vizuri, akatukaribisha chai. Mtendaji alizitazama picha zangu kwa muda, akasema, "Mama, hii si sanamu ya kutishia ndege?" Ila niliona anaifuta simu yangu kwenye shati kabla ya kunirudishia, halafu ananusa vidole vyake.

Sijaacha. Kila nikifuata mzigo, jioni nasimama pale pale, napiga picha mbili. Yupo. Katika zote mbili yupo. Lakini siku hizi mistari haikutani. Inakwenda sambamba, upande kwa upande, mpaka ramani inakwisha. Simu nimebadilisha, mambo ni yale yale. Sijui maana yake, na mtu ambaye angenieleza ndiye huyo ninayemtafuta.

Mama nilimpigia nikamwambia nimemwona. Hakushangaa wala hakulia. Nilimsikia anasogeza sufuria.

"Amekonda?"

"Kidogo, mama."

"Na huko wanampa nini, mwanangu? Anakula nini?"

Nilikitazama kiganja changu.

"Wali, mama," nikasema. "Anakula wali."

"Basi afadhali," akasema mama. "Ugali ulikuwa unamsumbua tumbo."